Wivu wa Ridhiwani kwa Tochi ya Sinema

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasulu mjini, mlioko Kibondo, mlioko mashambani na redio mmeitundika kwenye mti wa mbuni mkichuma kahawa, nawasalimu kwa Kiha chetu: mwakeye. Hiki ni Kiti Kitupu, kipindi cha kuwakumbuka waliotutoka. Mimi ni Winifrida. Kiti cha leo kimeachwa na mtu wa maiki, kwa hiyo nikikosea popote, najua huko aliko ananicheka.

Jina lake Ridhiwani Saidi. Mtafsiri wa filamu. Ridhiwani wa banda la video la pale nyuma ya soko la Kasulu. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe kumi na nne Agosti mwaka huu wa elfu mbili na kumi na tano. Moyo ulimsaliti. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Amemwacha mjane, bi Mwamvua, na binti mmoja, Zuhra.

Alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Watu wakiwa wanafukia, ikafika pikipiki kutoka Kibondo, imejaa vumbi, na mtu juu yake naye amejaa vumbi. Akashuka, akaomba jembe, akafukia. Alilia kuliko ndugu wa marehemu. Waliomfahamu wakatazamana, kwa sababu mtu huyo ni Tharsisi Niyomwungere, yule mwandishi wa blogu ya filamu, na Kasulu nzima inajua marehemu alikuwa hampendi Tharsisi hata kwa dawa.

Nilipokwenda msibani kuomba ruhusa ya kutengeneza kipindi hiki, bi Mwamvua alinishika mkono. Akaniambia, "Dada Winifrida, usimpake sukari mume wangu. Alikuwa na wivu. Sema. Mkimsifu tu, watu wa Kasulu watadhani tumezika mtu mwingine."

Basi nasema. Ridhiwani alikuwa na wivu.

Alizaliwa Makere. Baba yake, mzee Saidi, alikuwa na duka pale, duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Shuleni alikaa benchi moja na mtoto wa majirani, Tharsisi. Wazazi wa Tharsisi walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Tharsisi mwenyewe alizaliwa hapahapa, Makere. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji. Wazazi walivuka. Mtoto alizaliwa hapa.

Baadaye mzee Saidi alihamishia duka Kasulu mjini, na wale wawili wakaachana. Ridhiwani akakua, akafungua banda. Mabenchi, deki, televisheni ya inchi ishirini na moja, spika mbili, jenereta. Na maiki. Nyinyi mliowahi kuingia mnajua. Filamu ya Kichina, ya Kihindi, ya Kimarekani, ilikuwa ikifika kwa Ridhiwani inakuwa filamu ya Kasulu. Jambazi anaongea Kiswahili cha kwetu, anachomeka na Kiha. Mama mkwe wa Bombay anamwambia mkwewe, "Yewe, huo ugali wa muhogo umeusonga au umeukanyaga?" Watu wanapasuka mbavu.

Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, na Kichina hakujua hata neno. Alikuwa akitazama sura za watu na kujaza mwenyewe. Ilikuwa kazi ya akili, na aliifanya bila mpinzani kwa miaka sita. Neno lake kuhusu filamu lilikuwa ndilo neno.

Mwezi Machi mwaka elfu mbili na kumi na mbili, vijana wakaanza kuingia bandani na simu mkononi. Wanasoma kitu, wanacheka. Ridhiwani akauliza ni nini. Wakamwambia ni blogu. Inaitwa Tochi ya Sinema. Inaandika habari za filamu tu: ipi nzuri, ipi mbovu, nani kaigiza, nani kaiba hadithi ya nani. Inaandikwa na fundi simu mmoja wa Kibondo.

"Fundi simu gani?"

"Anaitwa Tharsisi. Tharsisi Niyomwungere."

Bi Mwamvua anasema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani akala maharage. Halafu akaweka kijiko chini. "Mama Zuhra," akasema, "kuna watu hawachoki kumfuata mtu."

Tharsisi hakumfuata mtu. Alikuwa Kibondo, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, na saa za mchana kazi ikipungua anatazama filamu kwenye kompyuta kuukuu, anaandika. Hakuwa na bosi wala mfadhili. Mtengenezaji mmoja wa filamu alimtumia kifurushi cha CD kutoka Dar es Salaam, na ndani yake shati, na barua ya kuomba asifiwe. Tharsisi alirudisha shati. Akaandika kwenye blogu kwamba filamu ni nzuri ila dakika ishirini za mwanzo mtu hasikii kitu isipokuwa upepo. Watu wakampenda kwa hilo. Ikafika mahali, kabla hawajaingia bandani kwa Ridhiwani, wanafungua kwanza Tochi. Tochi ikisema filamu haina maana, mabenchi yanabaki wazi.

Na hilo la upepo, wasikilizaji, Ridhiwani alikuwa amelisema kabla. Alilisema kwenye maiki, Jumamosi iliyotangulia, mbele ya watu arobaini. Lakini la maiki hupita. La Tharsisi lilibaki pale limeandikwa, lina tarehe, na chini yake watu wameweka maoni ya kulisifia. Liliwasha kifua cha Ridhiwani kama pilipili.

Halafu Tharsisi akaandika makala kuhusu mabanda ya video ya mkoa wetu. Alimtaja kila mtafsiri. Kuhusu Ridhiwani aliandika hivi: "Ana sauti, ana vichekesho, ila anazidisha chumvi." Basi. Kati ya maneno yote hayo Ridhiwani alishika yale ya chumvi tu. Aliyakariri. Akikoga anayasema. Akifunga kamba za viatu anayasema.

"Alikuwa anadai haisomi ile blogu," bi Mwamvua ananiambia. "Lakini bando lilikuwa likiisha kila siku, na simu ni ya kwake peke yake. Alikuwa anaisomea chooni."

Akaanza vita. Tharsisi akiandika kwamba shujaa wa filamu fulani anakufa mwishoni, Ridhiwani kwenye maiki anamfufua. Shujaa amelala na risasi tatu kifuani, na Ridhiwani anasema, "Msilie jamani, amezimia tu, anapelekwa Kigoma hospitali." Vijana wanabishana hadi nje. Wengine wanakwenda kumwandikia Tharsisi kwamba ni mwongo, shujaa yuko hai, wamesikia kwa masikio yao. Tharsisi anawajibu kwa adabu. Adabu hiyo nayo ilimuudhi Ridhiwani.

Mwaka elfu mbili na kumi na tatu, redio moja ya Dar es Salaam ikasoma makala ya Tharsisi hewani. Ikataja jina lake. Ikataja Kibondo. Ridhiwani aliisikia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Aliondoka hivyohivyo.

Jumamosi iliyofuata bandani kulikuwa na filamu ya mpakani. Kuna afande mwenye kofia, anasimamisha gari, anamkemea mtu. Ridhiwani akavuta maiki. Na afande yule wa filamu, kwa sauti ya Ridhiwani, akasema: "Wewe Tharsisi wa Kibondo! Unajifanya unajua filamu. Vibali vyako vya kukaa nchini viko wapi?"

Banda lilianguka kwa kicheko. Watu walipiga mabenchi. Wiki iliyofuata wakadai tena, akawapa tena. Kila filamu yenye afande, afande anamtafuta Tharsisi. Kwa siku chache Ridhiwani alilala usingizi mnono. Alikuwa amempata.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nataka tukae vizuri. Neno la bandani halibaki bandani. Madereva walilipeleka Kibondo. Kule watu wakaanza kumwita Tharsisi "Bwana Vibali". Kwa utani tu. Anapita sokoni, "Bwana Vibali, habari za asubuhi?" Naye anaitikia. Halafu ukaja ule ukaguzi wa wageni, mnaukumbuka. Maofisa walipofika mtaani na kuuliza, hapa nani hana karatasi, mtu mmoja akacheka, akaonyesha kibanda cha fundi simu. "Muulizeni Bwana Vibali."

Karatasi za uraia za Tharsisi zilikuwa hazijatoka. Familia nyingi hapa zilikuwa zinasubiri karatasi kwa miaka. Akachukuliwa. Akaambiwa atasubiri: ama athibitike kuwa mtu wa hapa, ama apande lori la kwenda mpakani kupitia Munanila. Lori lingempeleka katika nchi ambayo hakuwahi kukanyaga, na ambayo hamjui mtu hata mmoja.

Kibanda kikafungwa. Tochi ya Sinema ikazimika.

Mwanzoni Ridhiwani alifurahi, na mkewe hafichi hilo. Banda lilijaa. Neno lake likawa tena ndilo neno. Lakini kila siku alikuwa anafungua simu, anakuta makala ileile, ya tarehe ileile. Chini yake watu wanaandika. "Tochi uko wapi?" "Kaka Tharsisi, tunakusubiri." Walifika sitini, kisha themanini. Ridhiwani akaona wivu mpya kabisa. Mtu hayupo, haandiki, na bado anasomwa! Akamwambia mkewe, "Hata akifungiwa ananishinda." Bi Mwamvua akamjibu, "Baba Zuhra, huyo mtu amefungiwa kwa mdomo wako." Ridhiwani akatoka nje. Akaenda kujaza mafuta kwenye jenereta, ingawa ilikuwa imejaa.

Mwezi wa kumi na moja, saa sita mchana, mama mmoja akaingia bandani. Filamu ilikuwa haijaanza. Alikuwa Esteri, mama yake Tharsisi, ametoka Makere na kanga mbili na vumbi miguuni.

"Shikamoo mama," Ridhiwani alisema. Hakujua aweke wapi mikono.

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye benchi la mbele. "Alhamisi kuna kikao Makere. Wanataka watu watatu, wasiwe wa ukoo wetu. Wawe wanamjua Tharsisi tangu utoto. Wengi wamekufa, wengine wamehama, wengine wanaogopa. Nimepata wawili."

"Mama, lile nililosema kwenye maiki..."

"Nimelisikia. Halikunileta hilo. Nimefuata mtu wa tatu." Akainuka. Alikataa hata soda.

Sasa, ndugu zangu, rahisi kusema mimi ningekwenda. Ridhiwani hakusema hivyo. Alisema Alhamisi ana filamu mpya. Alisema pikipiki yake ina tatizo la breki. Alisema wapo wengine waliosoma na Tharsisi. Alimwambia mkewe ukweli Jumatano, wakiwa wanaanua nguo. "Nikienda, anarudi. Akirudi, mimi narudi kuwa mzidisha chumvi." Bi Mwamvua anasema hakumkemea. Alikunja shati lake jeupe, akaliweka kitandani, akatoka.

Alhamisi asubuhi shati halikuwepo kitandani.

Kikao kilikaa nje ya ofisi ya kijiji. Mzee Venanti ndiye alikuwa mwenyekiti, na ndiye aliyenisimulia mengi ya siku hiyo. Tharsisi alikaa pembeni na walinzi wawili, amekonda. Shahidi wa kwanza alisema anamjua, ni mtu mwema. Wa pili alisema anamjua, ni mtu mwema. Maofisa waliokuja na daftari wakaandika, lakini kwa shingo upande. Wakasema mtu mwema anaweza kutoka popote.

Wa tatu akawa Ridhiwani.

"Unamjua huyu?"

"Ego, ndiyo. Namjua vibaya."

Wakamwambia aeleze. Wasikilizaji wapendwa, alieleza kwa muda wa saa nzima. Alisema darasa la tatu, mwaka themanini na nane, mwalimu alisoma insha ya Tharsisi mbele ya shule nzima. Insha ya mbwa aliyevuka mto. Tharsisi alipata kumi na tisa juu ya ishirini, yeye Ridhiwani kumi na nane. Alisema mwaka tisini waliugua tetekuwanga wote wawili, na hata hapo Tharsisi akapata vipele vingi zaidi, akapumzishwa nyumbani wiki mbili, wakati yeye alirudishwa darasani baada ya siku tano. Alisema mfuko wa daftari wa Tharsisi ulikuwa wa gunia la sukari, na mama Esteri aliushonea mfuniko wa kitambaa chekundu, na yeye akamwomba mama yake amshonee wa vile, mama akakataa. Alitaja siku ya mgeni rasmi na nani alichaguliwa kusoma shairi. Si yeye. Mwaka tisini na moja wakashindana mbio hadi kwenye mashine ya kukoboa mahindi, Tharsisi akaongoza, akaanguka, akapasuka chini ya kidevu upande wa kushoto. "Nilifurahi," Ridhiwani alisema. "Damu ilinitisha, lakini nilifurahi."

Mmoja wa maofisa akamwambia Tharsisi ainue kidevu. Akainua. Kovu lilikuwepo, kushoto.

Kikao kilikuwa kinacheka muda mrefu tu. Mzee Venanti mwenyewe alifuta machozi. Akasema, "Ridhiwani, kumbe mnapendana hivi na rafiki yako."

"Si rafiki yangu, mzee. Namwonea wivu tangu darasa la tatu." Akasimama wima, kama aliyeshika maiki. "Na lile neno la vibali ni langu. Hakuna afande wa filamu aliyelisema, nilimtia mdomoni mimi, kwa roho mbaya. Andikeni na hilo. Lakini sikilizeni. Mimi natafsiri filamu za Wamarekani kila siku. Wana majumba, wana magari, wana wanawake wazuri, na sijawahi kukosa usingizi kwa ajili yao hata siku moja. Wale ni watu wa mbali. Huyu ndiye ananinyima usingizi, kwa sababu tulianzia benchi moja. Wivu wa miaka ishirini na tano nitampa mgeni mimi? Mkimvusha mpaka, mtakuwa mmechukua mtu wangu."

Kicheko kiliisha. Mwenye daftari aliandika muda mrefu. Ridhiwani akaweka sahihi, na dole gumba pia, kwa kuwa walitaka vyote.

Lori lilipoondoka, Tharsisi hakuwemo.

Walipoachwa peke yao nje ya ofisi, Ridhiwani alisubiri aambiwe neno. Tharsisi akapapasa kovu la kidevuni. Akasema, "Ulipata kumi na saba. Si kumi na nane."

Bi Mwamvua anasema mumewe alirudi nyumbani amekasirika mpaka magharibi, akipekua sanduku la marehemu baba yake kutafuta daftari la darasa la tatu.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo, nisiwadanganye. Mwaka uliofuata karatasi za Tharsisi zilitoka, blogu ikawaka, na Ridhiwani akaendelea kumwonea wivu kwa bidii, hadi alfajiri ile ya Ijumaa. Lile la afande hakulirudia tena, ingawa watu walilidai.

Kwako bi Mwamvua, kwako Zuhra, kwa ukoo wote wa mzee Saidi, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Na kwako kaka Tharsisi, najua unasikiliza kutoka Kibondo. Pole nawe, umefiwa.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu anayemkosesha raha kwa kufanikiwa kwake. Yule jirani. Yule uliyesoma naye. Mfikirie sasa hivi, kwa jina. Halafu jiulize: siku watu wenye daftari wakimweka pembeni na kuuliza nani anamjua huyu, wewe utakuwa na filamu mpya siku hiyo, au utavaa shati lako jeupe?

Mimi ni Winifrida. Kaeni salama.